Raushan na Kimya cha Moto

Kazi ya Raushan ilikuwa kusikiliza, na kwa mwanamke mwenye mdomo kama wake hilo halikuwa jambo dogo. Nyumbani hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. Sokoni wauza mboga walimpunguzia bei mapema ili aende zake. Lakini pale kituo cha waokoaji, kwenye uwanja wa ndege wa Zhezkazgan katikati ya nyika ya Wakazakhi, akishavaa vipokea sauti masikioni alikuwa mtu mwingine kabisa: ametulia, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Watu waliokwenda anga za juu walirudi kwa kushukia katika nyika hiyo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kama wako hai.

Kazi yenyewe aliipata kwa ujeuri. Alikuwa opereta wa simu posta, bado bibi harusi mbichi, siku mkuu wa uwanja wa ndege alipopiga simu na kuanza kufoka kwamba laini ni mbovu. Raushan akamjibu kwamba laini haina ubaya, ila yeye anaongea huku anatafuna. Mkuu alikuwa kweli anatafuna. Akameza, akauliza huyu mwenye sauti inayopenya namna hii ni nani, na mwezi haukuisha kabla hajamchukua.

Sasa, katika kazi hiyo kuna jambo moja lililowakosesha watu usingizi. Chombo cha kurudi hushuka kwa kasi isiyosemeka. Hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Inabanwa, inachemka, inageuka moto wenye umeme ndani yake, na moto huo unakizunguka chombo kama koti. Redio haipenyi. Unachosema wewe uliye chini kinagonga lile koti na kurudi, na wanachosema wao hakitoki. Wataalamu wanakiita kitu hicho plazma, lakini pale kituoni watu waliita kimya, basi. "Wameingia kwenye kimya," mkuu wa zamu, Gennadi Pavlovich, alikuwa akisema, na kuanzia hapo hakuna aliyemimina chai. Aliyekaa hakuinuka, aliyesimama hakukaa. Ni dakika chache tu, lakini mtu angeweza kuzeekea humo. Halafu moto hufifia, sauti hutoka na mikwaruzo yake, mtu wa huko juu husema wote wazima, na Gennadi Pavlovich huanza kugombana na kila mtu kuhusu nani amemaliza sukari.

Raushan alikipita kimya hicho mara nyingi. Lakini wale walikuwa watoto wa watu. Safari hii ndani ya chombo alikuwamo Sagindik, mdogo wa mwisho wa mumewe.

Raushan alipoletwa katika nyumba ile na shela usoni, Sagindik alikuwa kitoto cha miaka minne kinachokimbia pekupeku kwenye matope. Baba yao alikwishafariki, na mama yao, Kalamkas, alikuwa na kondoo wa kuchunga na huzuni ya kubeba. Basi mtoto akaangukia mikononi mwa bibi harusi. Raushan ndiye aliyemwogesha, aliyemfundisha kusoma, aliyemchapa alipoiba jibini kavu lililoanikwa juu ya banda na kumbembeleza alipoumwa tumbo kwa sababu ya jibini hilohilo. Mtoto akakua akijua ana mama wawili, mmoja wa kumheshimu na mmoja wa kumdekea. Yule wa kumdekea alimwita shemeji.

Na yeye Raushan alimwita Kitinda. Kwa watu wa nyika ile, mke aliyeolewa hataji jina la mtu wa upande wa mumewe, awe mkubwa au mdogo. Hata yule anayemfunga kamba za viatu. Anawatungia majina yake mwenyewe, ya heshima au ya mapenzi, na hayo ndiyo anayokwenda nayo mpaka kaburini. Kwa Raushan, wifi yake mkubwa alikuwa Nyusi Nzuri. Mumewe, dereva wa magari ya uokoaji, alikuwa Mwenye Nyumba Raushan akiwa na furaha naye na "sikia wewe" akiwa hana. Na yule mtoto, kwa kuwa alikuwa kitindamimba, akawa Kitinda. Akabaki Kitinda alipoota ndevu, alipoingia jeshi la anga, hata alipoanza kuonekana kwenye televisheni na mavazi meupe ya wanaanga.

Majirani walijua na walimtania.

"Raushan, leo gazeti limeandika habari za nani?"

"Za yule."

"Yule nani?"

"Yule aliyemaliza nyama yote kwenye harusi ya binti yako. Umemsahau?"

Kabla hajaondoka kwenda kurushwa, Sagindik alikuja kuaga. Alikaa jikoni kwa shemeji yake, magoti yakigusa meza, akila maandazi ya mafuta kana kwamba huko aendako hakuna chakula. Kisha akasema kitu ambacho hakumwambia mama yake wala waandishi wa habari.

"Shemeji, moto siuogopi. Moto una hesabu zake, tumezipiga. Naogopa ule wakati hakuna mtu. Unajua? Unaita na hakuna mtu."

"Mimi nakuwapo. Nakaa pale pale."

"Najua unakuwapo. Lakini sikusikii." Akafuta mikono yenye mafuta kwenye suruali yake, mtu mzima na nishani zake. "Wamesema safari hii wakati wa kurudi watajaribu mtambo mpya wa kuongea ndani ya kimya. Nimewaomba sauti iwe yako."

Raushan akageukia jiko na kuanza kusugua sufuria safi.

Mtambo huo mpya uliletwa kituoni na mhandisi kutoka Almaty, msichana mwembamba aitwaye Meruert, mwenye miwani mikubwa na mabuti yasiyofaa kwa matope ya Zhezkazgan. Alikuja mwisho wa baridi na masanduku yake, Sagindik akiwa keshakaa huko juu miezi. Gennadi Pavlovich alimpokea shingo upande, maana wataalamu wengi walikwisha kuja kukishinda kimya na wote walirudi kwao na mafua. Raushan alimpa soksi za sufu na kumtaka aeleze kwa lugha ya watu.

"Umewahi kukimbia kwenye mvua, mama?" Meruert alisema. "Kifua kinalowa chepechepe, mgongo bado una nafuu. Chombo nacho ndivyo. Mbele na ubavuni moto ni mnene, lakini mgongoni ni mwembamba. Sasa sisi siku zote tunamwita kutoka chini, tunampigia kelele kifuani. Safari hii tunamwita kutoka juu. Sauti yako inakwenda kwanza kwenye setilaiti, setilaiti inaishusha kupitia mgongoni, kwa masafa ya juu sana ambayo ule moto unashindwa kuyazuia."

"Yote?"

"Si yote. Kuna kidogo kinachopita."

Kwa kuwa kinachopita ni kidogo, mtambo ulikuwa umefundishwa maneno machache tu. Uliyachambua katika makelele ya moto, ukayasafisha, ukayapitisha. Neno lolote lingine uliliona uchafu ukalitupa. Maneno yenyewe yalikuwa majina ya watu watatu waliokuwa chomboni, kisha nakusikia, salama, hatari, rudia. Na lazima uite mmoja mmoja kwa jina lake. Ukiwaita wote watajibu wote kwa pamoja, watazibana sauti, na katika tundu dogo kama lile hatapita hata mmoja.

Siku ya mazoezi walijaa chumbani, Warusi na Wakazakhi, na mtambo wa kuigiza ukawekwa chumba cha pili. Raushan akavaa vipokea sauti, akabonyeza kitufe.

"Arkadi," aliita. Huyo alikuwa nahodha. Jibu likarudi safi.

"Tomoko." Huyo alikuwa daktari wao, Mjapani. Jibu likarudi.

Raushan akameza mate. "Kitinda," akasema.

Mtambo ukanyamaza.

"Kitinda, nakusikia. Kitinda?"

Meruert akagonga sanduku kwa kucha, akatazama kioo chake. "Mama Raushan, kitinda ni nini? Mtambo unaitupa."

Wakazakhi wote waliokuwamo wakaanza kuchunguza viatu vyao. Gennadi Pavlovich, aliyeishi nao maisha yake yote na kuoa kwao, alicheka mpaka akakohoa. "Umepatikana, binti. Huyu akimwita mumewe kwa jina, mvua ya dhahabu itanyesha. Ndio utamwambia amtaje shemeji yake?"

Hapo ndipo Meruert alipoelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa Mkazakhi kama wao, lakini wa ghorofani, na hakuna aliyewahi kumwambia. "Hili sikulifikiria," alisema taratibu.

"Hujaolewa," Raushan alimjibu. "Siku yako inakuja. Tia hilo neno langu humo kwenye mtambo wako, tuendelee."

"Siwezi. Mtambo mwenzake uko juu nao, na ulifungwa na maneno yale yale saba. Siufikii."

Gennadi Pavlovich aliacha kucheka. Akasema basi si jambo la kuumiza kichwa, kipaza sauti atashika yeye, jina la Sagindik kwake halina miiba. Alisema kwa upole. Raushan alitingisha kichwa akaomba wampe siku moja.

Mtu atauliza ugumu uko wapi. Ni jina tu, litaje upite. Raushan naye alijiuliza hivyo hivyo. Alijifungia bafuni, akafungulia maji, akajitazama kwenye kioo na kujikaza. Mdomo ulifunguka. Ulimi ulikwenda pale ulipopaswa kwenda, ukagoma. Akaona haya peke yake, mbele ya mswaki wa mumewe. Jambo ulilolishika tangu usichana halitoki kwa kuamriwa na sanduku. Tena lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa chumba cha mbele, kilemba chake cheupe kimepigwa pasi. Kalamkas aliishi nao, na kwa mila hiyo hakuwa na mchezo. Kuna mwaka bibi harusi wa jirani alijisahau karamuni akamtaja shemeji yake; Kalamkas aliweka chini kipande cha nyama alichokuwa nacho mkononi, akainuka, akaenda nyumbani kwa miguu, na hakukanyaga tena nyumba ile.

Asubuhi Raushan alitandika kitambaa juu ya meza fupi, akaweka maziwa, chai na maandazi, akakaa mahali pake karibu na birika. Alimmiminia mama mkwe wake chai kidogo tu ndani ya bakuli, kama inavyotakiwa, ili mkubwa aombe tena na tena na ahudumiwe.

"Mama, kuna neno la kazini."

"Neno la kazini si ungeliacha kazini."

"Linamhusu Kitinda. Siku ya kushuka wanataka nimwite ndani ya ule moto. Mtambo wao hauelewi Kitinda. Unataka jina lake."

Kalamkas alikunywa, akaweka bakuli. "Hawana wanaume wa kuita huko?"

"Wapo. Yeye mwenyewe ameomba niite mimi."

"Ameshazoea kudekezwa. Ni wewe uliyemharibu."

"Ni mimi," Raushan alikubali.

"Nikifa mtaje. Mtaje mpaka koo likauke, na mimi nitaje, utakavyo. Nikiwa hai, humu ndani hapana."

Kisha bibi kizee akanyoosha mkono, akalichukua birika kutoka kwa mkazamwana wake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akajaza bakuli la Raushan mpaka ukingoni, chai ikachuruzika kwenye kitambaa. Kwao bakuli lililojaa lina maana moja: kunywa, uondoke.

Raushan alilitazama. Siku nyingine angelijibu jambo hilo kwa maneno ya kutosha mtaa mzima. Siku ile alilishika bakuli kwa mikono miwili, akainywa chai yote na moto wake, machozi yakimlenga kwa kuungua, akalirudisha mezani tupu mbele ya birika. Hakuinuka.

Nje gari la takataka lilipita likaenda zake.

"Una kichwa kigumu," alisema Kalamkas.

"Ninaishi na nani?"

Midomo ya mama mkwe ilitikisika kidogo, halafu ikatulia. Alipoanza tena kusema alikuwa akiongea na birika.

"Unajua baba yao alikufaje?"

"Kwa dhoruba ya theluji. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Ndivyo nilivyowaambia." Alikunja pembe ya kitambaa, akaikunjua. "Tulikuwa nyumba tatu kule kambi ya baridi. Wanaume watatu wakatoka kuwarudisha kondoo, dhoruba ikawakuta nje. Huoni mkono wako. Sisi wake tukasimama milangoni kuita, maana hapo mtu harudi kwa macho, anarudi kwa masikio. Sasa utaita nini? Jina hulitaji. Mimi nikaita, mwenye nyumba, mwenye nyumba. Jirani yangu naye, mwenye nyumba. Na yule wa tatu hivyo hivyo."

Raushan alilisogeza birika pembeni, amtazame usoni.

"Wawili waligonga kuta kwa bahati. Wakasema tulisikia wanawake, kila upande wanawake, hatukujua nani anamwita nani. Wa kwangu alipita. Theluji ilipotulia tukamkuta ng'ambo ya zizi la mwisho. Alipita katikati ya nyumba zetu, Raushan. Mimi nimesimama pale mlangoni, na tumbo langu hili lina mtoto, napiga kelele mpaka natema damu."

"Labda asingesikia hata kama ungemtaja. Upepo ule, Mama."

"Labda." Kalamkas alitikisa kichwa. "Nimelala na hiyo labda tangu Sagindik yuko tumboni. Kila usiku nageuka nayo."

"Mbona basi sisi umetushikilia hivyo? Wakazamwana wote. Hata wa majirani."

"Kwa sababu nikiwaona mnataja majina mnacheka, na mbingu haianguki, mimi nitasema nini? Kwamba haikuwa kitu? Kama haikuwa kitu, basi mimi siku ile nilinyamazia nini?"

Huruma ilimjaa Raushan. Miaka yote aliona mbele yake jiwe, kumbe ni mwanamke aliyebaki mlangoni. Alisogea kwa magoti kuizunguka meza, akaivuta miguu ya mama mkwe wake, miguu myembamba iliyovaa soksi mbili mbili, akaipakata na kuanza kuikanda. Kalamkas alimwacha.

"Huo moto wao," aliuliza, "una kelele kama upepo?"

"Una mikwaruzo. Unaziba kila kitu."

"Na mwanangu atakuwa humo anasikiliza."

"Ndiyo, Mama."

"Mtaje. Lote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na usilitaje kama mwizi." Akavuta miguu yake, akajifunga kilemba upya ingawa hakikulegea. "Na mimi nakuja. Nataka kusikia."

Siku ya kushuka nyika ilikuwa imechipua, kijani hadi macho yanapoishia, na helikopta zilikwisha ondoka kwenda kungoja. Mumewe Raushan alikuwa huko mbele na msafara wa magari. Kalamkas aliingia kituoni amevaa koti lake la sherehe. Gennadi Pavlovich, ambaye hakuwahi kumpisha hata waziri, alimpa kiti chake.

Taarifa zilikuja moja baada ya moja. Chombo kimejitenga. Chombo kimegusa hewa. Raushan aliongea nao kwa redio ya kawaida mpaka sauti ya nahodha ilipoanza kukatika katika, ikawa mchanga, ikapotea.

"Wameingia kwenye kimya," alisema Gennadi Pavlovich, na chai ikabaki birikani.

Meruert aligeuza swichi ya mtambo wake, akamwashiria Raushan.

"Arkadi," Raushan aliita.

Mvumo. Mvumo tena. Kisha, nyembamba, mbali, ikitoka katikati ya moto ambamo tangu kazi hiyo ianze halikuwahi kutoka neno: "Nakusikia. Salama."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma alianza kulia waziwazi. Gennadi Pavlovich alijishusha aketi, akakumbuka kiti hana, akashika ukuta.

"Tomoko."

"Nakusikia. Salama."

Raushan akabonyeza kitufe mara ya tatu. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Meruert alitikisa kichwa, mtambo umeitupa. Raushan akajaribu tena, na safari hii sauti ilifika kwenye meno ikaishia hapo. Wakati ulikuwa unakwenda. Huko juu mtu alikuwa amelala chali, amelemewa na uzito wake mwenyewe, amewasikia wenzake wawili wakiitwa, na yeye hajaitwa.

"Unaita au unaomba chumvi?" sauti ya Kalamkas ilisema nyuma yake. "Mwite mtoto."

Basi Raushan akafumba macho, akamwita kama alivyokuwa akimwita jioni zile za utotoni, chakula kikipoa na mtoto haonekani, kwa sauti ile iliyopenya laini mbovu ya posta:

"Sagindik."

Mvumo.

Hakuna alichowahi kukiogopa kama mvumo ule. Aliwaza kwamba amechelewa. Aliwaza kwamba amelitaja vibaya, kwamba jina lisilowahi kutoka kinywani mwake halijui njia. Nyuma yake alisikia kilemba cha mama mkwe kikichakarika, bibi kizee ameinuka kutoka kwenye kiti.

Kisha mtambo ukakwaruza, na sauti ya mwanamume ikasema: "Rudia."

Meruert aliinamia kioo chake, uso umemwiva. "Amesikia kidogo. Njia imelegea. Mwite tena, mama, polepole."

"Sagindik," Raushan aliita.

"Rudia."

"Huyu ana masikio gani?" Gennadi Pavlovich alinong'ona. "Wenzake wamesikia vizuri."

Meruert alikuwa akigeuza vifungo na kusema kwamba haelewi, namba ni nzuri, njia iko wazi kabisa. Lakini Raushan alikwishafungua macho. Sauti ile aliijua. Ndiyo aliyokuwa nayo akiwa mdogo, blanketi limefika kidevuni, hadithi imeisha, taa inataka kuzimwa, naye anaomba isimuliwe tena. Katika maneno saba aliyoachiwa, mtoto huyo alikuwa amechagua lile analolitaka. Machozi yakamshuka Raushan mpaka kwenye kipaza sauti, na hakuyaonea haya.

"Amesikia," Kalamkas aliwaambia wote, amesimama wima katikati ya chumba. "Amesikia tangu mara ya kwanza." Kisha akamgeukia mkazamwana wake. "Si umeambiwa urudie? Mwite."

Raushan akafuta pua kwa kiganja, akabonyeza kitufe, akamwita.